Bango Lililobaki Ndani

Jana mwanangu alitandaza karatasi ya manila sakafuni, akawa anaandika kazi yake ya shule kwa maka peni nyekundu. Harufu ya ule wino ikanifuata mpaka jikoni. Nikazima jiko, nikakaa chini. Nilijua mara moja imenirudisha wapi: kwenye ule mlango.

Mwaka ule nilikuwa nasoma Spinoza, mwanafalsafa wa Uholanzi wa karne ya 17, usiku na mchana. Nilikuwa bado nimepanga chumba kwa mama mmoja mwenye nyumba. Jioni moja umati ukamuua kijana kwenye nguzo ya umeme, hatua chache kutoka mlangoni kwetu. Mtu mmoja alipiga kelele za mwizi, basi, ikatosha. Kesho yake habari ikasema ameuawa na "wananchi wenye hasira kali", maneno ambayo ukiyasoma unaona kama hakuna mtu aliyekuwepo pale.

Mimi nilikuwa na kisa kingine kichwani. Tarehe 20 Agosti 1672, mjini The Hague, Uholanzi, Johan de Witt, aliyeiongoza Holland kwa karibu miaka 20, alikwenda kumwona kaka yake Cornelis gerezani. Majeshi ya Ufaransa yalikuwa yameshaingia nchini, watu wameshikwa na hofu, na hofu inatafuta wa kumbebesha lawama. Umati ukawaua ndugu wote wawili, ukaikatakata miili yao. Spinoza alikuwa akiishi mji huohuo. Aliandika bango la maneno mawili ya Kilatini, ultimi barbarorum, yaani washenzi waliowapita washenzi wote, akataka kwenda kulibandika palepale. Mwenye nyumba wake akafunga mlango asitoke. Kisa hiki Spinoza mwenyewe alimsimulia mwanafalsafa mwenzake, Leibniz, mwaka 1676.

Kwa hiyo na mimi nikaandika bango. "Nyinyi ni washenzi," herufi kubwa nyekundu, wino ukanichafua mpaka viganja. Saa tatu usiku nikalikunja, nikatoka chumbani. Yule mama alikuwa amesimama ukumbini, mgongo kwenye mlango mkubwa. Sikujua nani amemwambia. Labda harufu tu.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Hapo nje tu, mama. Narudi sasa hivi."

Hakubishana nami. Aligeuka, akazungusha ufunguo mara mbili, na mpaka leo nasikia vile vyuma vilivyogonga, kwanza kimoja, halafu kingine. Akauchomoa, akautia kifuani. Kisha akanyoosha mkono bila kusema neno. Nilidhani anaomba bango. Alikuwa anataka mkono wangu. Akaushika, akaufuta wino kwa ncha ya nguo yake, kidole kwa kidole, taratibu kama anamfuta mtoto. Nikamwambia kwa hasira kwamba yule naye alikuwa mtoto wa mtu. Akasema, "Najua. Ndiyo maana nimefunga." Akavuta kiti, akakaa mlangoni. Nilirudi chumbani na bango langu, nikamchukia usiku kucha.

Kwa miaka mingi baadaye niliamini mwaka 1672 ulimvunja Spinoza. Kitabu chake cha 1670, alichokitoa bila jina lake, kikichapwa Amsterdam huku ukurasa wa mbele ukitaja Hamburg, kilisema lengo la dola ni uhuru, na kwamba hakuna awezaye kumkabidhi mwingine haki yake ya kufikiri. Hayo ndiyo niliyoyapenda. Kazi yake ya mwisho ya siasa niliiona baridi. Anasema humo kwamba amejitahidi asiyacheke matendo ya watu, asiyalilie wala asiyalaani, ila ayaelewe. Nilijiuliza: huyu ndiye aliyeandika lile bango?

Sasa nadhani ndiye. Aliuona umma ukirarua watu, na bado akakataa kuamini kwamba dawa yake ni kuunyamazisha. Nguvu ya dola aliendelea kuiona katika wingi huohuo wa watu. Akaongeza kwamba nchi ambayo amani yake inatokana na uzembe wa raia wanaoongozwa kama kondoo inastahili kuitwa nyika tupu, isiitwe dola. Alifariki Februari 1677 akiwa na miaka 44, sura ya demokrasia katika kazi hiyo ya mwisho ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Kama mwenye nyumba asingefunga, tusingekuwa hata na hiyo nusu. Nalijua hilo. Lakini mtaa wetu ulikuwa kimya baada ya yule kijana kuuawa, kila mlango umefungwa kwa upendo kama wetu, na sijui kama ile haikuwa ndiyo nyika yenyewe.

Sijamaliza habari ya usiku ule. Alfajiri nilisikia ufunguo tena, mara mbili. Nikasogeza pazia. Yule mama alikuwa anavuka njia na ndoo ya maji na ufagio. Akainama kwenye nguzo, akamwaga maji, akasugua, akamwaga tena. Dirisha la pili likafunguka, la tatu pia, watu wakachungulia. Hakuna aliyetoka. Mlango alikuwa ameuacha wazi. Nilisimama pale dirishani nikimtazama mpaka akamaliza.