Nilivyojifunza kuokota visukuku Caesar Creek

Nimezaliwa Tanga, katika nyumba ya mawe ya matumbawe. Utotoni nilikuwa nikipitisha kidole kwenye ukuta wa ua, nikifuata mistari ya matumbawe yaliyokufa zamani. Kwa hiyo jirani yangu hapa Dayton, jimbo la Ohio, aliponiambia kuna bonde la kuokota visukuku, yaani viumbe vya baharini vya kale vilivyogeuka mawe, nilimuuliza mara mbili. Kutoka hapa hadi pwani ni safari ya kutwa nzima kwa gari.

Mahali penyewe ni Caesar Creek, karibu na mji mdogo wa Waynesville. Katika miaka ya 1970 wahandisi wa jeshi la Marekani walijenga bwawa pale, wakachonga mwamba ili maji yakizidi yapate pa kupitia. Njia hiyo kwa kawaida ni kavu. Ukiikanyaga unakanyaga sakafu ya bahari ya enzi ya Ordovisi, karibu miaka milioni 450 iliyopita, wakati nchi hii ilikuwa kusini mwa ikweta, chini ya maji ya vuguvugu yasiyo na kina kirefu.

Safari ya kwanza nilirudi mikono mitupu, na binti yangu wa miaka tisa akanuna njia nzima. Nilikuwa nikitembea wima, macho yakitafuta mnyama mzima kama wa kwenye picha.

Safari ya pili tulikwenda asubuhi, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha. Jua likiwa bado chini kila kinundu kinatupa kivuli, na mvua imeshaosha tope. Tulipiga magoti, tukachagua eneo dogo la ukubwa wa mkeka, tukakubaliana kutohama mpaka tulimalize. Haikupita robo saa.

“Mama, hii shanga ya nani?”

Alikuwa ameshika kisahani chenye tundu katikati. Ni pingili ya shina la krinoidi, mnyama wa jamii ya kiti cha pwani aliyesimama kama ua baharini. Tangu hapo macho yalifunguka. Vile nilivyodhani ni vijiti vikavu vilikuwa brayozoa, mabaki ya wanyama wadogo mno wa baharini walioishi kwa makundi, na ukivisogeza karibu unaona vitundu kama vya sindano. Makombe yalikuwa kila mahali, ila si makombe ya kwetu. Ni brakiopodi, jamii nyingine ya wanyama wa baharini wenye magamba mawili. Kombe la kwetu magamba yake mawili hufanana, lakini kila gamba huelemea upande mmoja. La brakiopodi ni kinyume: gamba la juu na la chini hayafanani, lakini kila moja kulia na kushoto hulingana kama mabawa ya kipepeo. Hii ndiyo alama iliyonisaidia kuliko zote.

Kisha nikaanza kuyaangalia mabamba ya mawe yenyewe. Tabaka la chokaa gumu limejaa vipande vilivyovunjika, na juu yake kuna tabaka la udongo unaomenyeka kama maganda ya kitunguu, halafu chokaa tena. Dhoruba zilikuwa zikikusanya makombe na kuyaponda, bahari ikitulia tope linashuka. Mara nyingine tope lilikuja ghafla likawafunika viumbe wakiwa hai.

Nawaomba wanaokwenda waheshimu kanuni, kwa sababu ndizo zinazoacha mlango wazi kwa watoto wa wengine. Kwanza chukua kibali kwenye kituo cha wageni, ni bure. Nyundo na patasi haziruhusiwi, hata kuvunja jiwe kwa jiwe jingine. Chukua kinachoenea kiganjani tu, na usiuze.

Safari ya nne tulimpata trilobiti, mnyama wa baharini mwenye gamba la pingili-pingili aliyetoweka zamani. Huku Ohio trilobiti ana heshima yake: tangu 1985 trilobiti aitwaye Isotelus ndiye kisukuku rasmi cha jimbo kwa upande wa wanyama wasio na uti wa mgongo, na mwaka 1919, kwenye ujenzi wa bwawa la Huffman karibu na Dayton, alikutwa mmoja mwenye urefu wa zaidi ya sentimita 35. Wetu alikuwa wa aina nyingine, Flexicalymene, mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba, amejikunja kama jongoo aliyeguswa. Nilitetemeka kumshika.

Jioni tulimpigia simu ya video mama yangu Tanga. Binti yangu akamsogeza trilobiti karibu na kamera. Mama akavaa miwani, akatazama muda mrefu.

“Maskini. Kaogopa nini huyo?”

“Tope, Bibi,” binti yangu akamjibu.