Vile nilizoea kusoma Biblia kila siku, na bila kumtumia mtu mbegu

Mimi nauza mitumba hapa Kibuye, Kisumu, na nasema nikijivunia, karibu mwaka mzima sasa nasoma masomo ya kila siku na sijaacha. Ushauri niliopewa mwanzo ulikuwa mbaya. Mmoja alisema nianze Mwanzo, sura tatu tatu kila siku, nikafika Walawi nikakwama, na yeye mwenyewe nikimuuliza Walawi inasema nini hajui. Lakini mwenye alinikasirisha kabisa ni mhubiri fulani, ati nisome tu ule mjane wa Sarepta, 1 Wafalme 17, halafu nitume mbegu, yaani sadaka ya pesa, kwa simu, kwa sababu mjane alimpa nabii Eliya mkate kwanza kutoka unga wake wa mwisho, na unga wa pipa haukuisha.

Nilinunua kalenda ya masomo ya misa, hata mia mbili sidhani ilifika. Inakupa kipande kifupi, kesho inaendelea pale uliachia. Mwaka kama 2026, wiki ya 10 ya kipindi cha kawaida cha kanisa, Eliya anaanza Jumatatu pale kijito cha Kerithi kunguru wakimletea mkate na nyama, Jumanne ni Sarepta, Jumatano ni mlima Karmeli na wale manabii 450 wa Baali. Ukifuata hivyo siku kwa siku ndio unashika.

Na huu ndio ujanja wangu, mtu hakunifunza: nina daftari, na kila somo naliuliza swali moja tu, hapa nani analisha nani? Jaribu uone! Kutoka 16, Mungu anawapa mana asubuhi, hawajalipa kitu. Kutoka 32, watu hao hao wanavua pete za dhahabu masikioni wanampa Haruni atengeneze ndama, na huyo ndama hajawapa hata kikombe cha maji. Karmeli, manabii wanajikatakata na visu mpaka damu inatoka na Baali kimya, na huyo ndiye mungu walikuwa wanategemea kwa mvua. Nikaenda mwenyewe mpaka Isaya 46, nikakuta Beli na Nebo, miungu ya Babeli, wamebebeshwa wanyama wa mzigo mpaka hao wanyama wamechoka, halafu Mungu anasema yeye ndiye amewabeba watu wake tangu tumboni na atawabeba mpaka wakiwa na mvi. Hapo nililia, mteja amesimama anangoja bei.

Sasa rudi Sarepta na hilo swali. Iko nchi ya Sidoni, kwao malkia Yezebeli aliyeabudu Baali, kwa Baali mwenyewe, na huko pia watu wanakufa njaa. Ndio, Eliya aliomba mkate kwanza. Lakini hakubeba unga akaenda nao! Alikaa kwa nyumba hiyo, yeye na mjane na mtoto wakala pamoja siku nyingi. Na mtoto alipougua akafa, Eliya hakumwambia mama aongeze sadaka, alimchukua mtoto akapanda naye chumba cha juu akamlilia Mungu mpaka akafufuka. Hiyo yote ni sura ile ile ya 17, mbona wenye kuitisha mbegu wanafunga Biblia kabla ya kufika hapo?

Kitu kingine, hakuna mahali imeandikwa pipa lilijaa. Imeandikwa unga haukuisha. Hii ilinisaidia Januari, wakati pesa ya watu yote inaingia karo na kuna siku nafungua belo nauza blausi mbili tu. Nikaacha kuomba belo kumi, nikaomba unga wa leo, na usiku naandika kwa daftari kile kimepatikana, hata kama ni jirani ameleta omena. Watoto hawakulala njaa hata siku moja mwezi huo, na kurasa ziko, nikiingiwa na wasiwasi nazisoma.

Mwenye anataka kuanza anunue kalenda kabla ya Majilio, zile wiki nne kabla ya Krismasi, mwaka wa kanisa unaanza hapo, ukingoja mwaka mpya utapata parokia imemaliza kuuza. Daftari chukua lolote.