Ami, mbona humo?

Mtoto wa kaka yangu yuko mwaka wa mwisho chuo kikuu. Ramadhani hii alishuka na boti kutoka Unguja, mkobani ana kazi yake ya utafiti: kichocho katika skuli za Pemba. Usiku baada ya tarawehe tukakaa ukumbini, yeye na laptopu, mie na kahawa yangu, na kwa majivuno kidogo nikamwambia kwamba hata mimi nimo katika hayo anayoyatafuta.

Na kweli nimo. Miaka hiyo nilikuwa kijana wa maabara, nikizunguka skuli hadi skuli na sanduku la vichupa. Mkojo tukiuchukua kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana ndio wakati mayai ya kichocho huwa mengi. Unachuja mililita 10, unaweka chini ya hadubini, unahesabu mayai yenye mwiba nchani mpaka macho yanalia. Baadaye ilitoka makala, na jina langu likawekwa. La saba kati ya watu tisa, lakini likawekwa.

Mwanangu akaandika jina langu kwenye PubMed. Akaandika tena. Akanigeukia na uso wa huruma, ule wanaopewa wazee wanaosema walicheza mpira na fulani.

"Ami, mbona humo?"

Nikasingizia mtandao.

Kwa asiyeijua, PubMed ni ghala la Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Liko wazi kwa kila mtu bila malipo tangu 1997, na sasa lina taarifa za makala zaidi ya milioni 37. Binti huyu alikuwa akilitumia kama Google: unatupa neno, unaomba Mungu. Kabla ya kunitafuta mimi alikuwa ameandika "Pemba", akaletewa mchanganyiko wa ajabu. Wamo wagonjwa wa Pemba ya Msumbiji, ule mji wa Cabo Delgado. Wamo pia waandishi ambao Pemba ndiyo jina lao, wala hawajawahi kuiona bandari yetu ya Mkoani. Akawa anasoma moja moja na kufuta moja moja, usiku wa tatu huo.

Nikamwambia alete hiyo mashine.

Chini ya kisanduku cha kutafutia pana neno "Advanced". Ukiingia hapo unachagua sehemu unayotaka kutafuta ndani yake: mwandishi, taasisi, jarida, mada. Unaandika herufi za mwanzo, halafu unabonyeza "Show Index". Hapo huletewi makala. Unafunguliwa faharasa yenyewe, orodha ya maneno yote yaliyomo katika sehemu hiyo kwa mpangilio wa alfabeti, kila neno na idadi ya makala zake ubavuni. Unachagua unayoyataka, unayaunganisha kwa OR, ndipo unatafuta.

Chuoni tulipokuwa wadogo, maalimu alitufunza kufungua nyuma ya msahafu palipo na fihrisi, uione sura iko ukurasa gani kabla hujaanza kupekua. Wengi wetu tulisahau tulipopata simu. Faharasa ya tiba nayo ni ya zamani kuliko kompyuta: Index Medicus ilianza kuchapwa vitabu mwaka 1879, na vitabu hivyo vikaendelea kutoka hadi 2004.

Basi tukachagua sehemu ya mwandishi. Jina la marehemu baba yangu ni Suleiman, na ndilo ninalojulikana nalo kazini. Tukaandika "sulei", wakatoka akina Suleiman wengi, wa Misri, wa Nigeria, wa Malaysia, Mungu awazidishie. Herufi ya kwanza ya jina langu, ambayo humo hufuata jina la baba, ipo, lakini makala ni za meno na za saruji. Tukarudi, "sulem". Suleman. Simo. "Sulai". Simo. Hapa niseme ukweli, chombo hiki hakikuotei: kinakuonyesha majirani wa ulichoandika, na Seleman si jirani wa Suleiman, alfabeti imewatenga mbali. Lazima mwenyewe ujue watu wanavyokosea. Na hilo sisi tunalijua bila kusomeshwa. Nani hana ndugu aliye Othman kwenye cheti na Othuman kwenye daftari la shehia? Omar akivuka kwenda Bara hurudi Omary.

"Jaribu slei," nikamwambia.

Sleiman. Orodha fupi. Na herufi yangu ipo, na ubavuni pake pana namba 1.

Akabonyeza. Vichupa vyangu vile. Nikamwachia asome majina yote tisa kwa sauti, sikumharakisha.

Kilichoniuma ni kingine. Alipojaribu kwa sehemu ya taasisi, akaandika "Carneri" apate kazi zilizopitia maabara ya Wawi hapa Pemba, ile yenye jina la Mtaliano Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000. Zilikuja nyingi tena safi, hakuna Msumbiji. Lakini yangu haikuja. Sababu ni kwamba kabla ya 2014 PubMed waliandika taasisi ya mwandishi wa kwanza tu, na mwandishi wa kwanza siku zile mara nyingi alikuwa mtu wa Basel, London au Baltimore. Mkojo wa Pemba, hadubini ya Pemba, anwani ya ng'ambo. Ndiyo maana nikamwambia asitegemee sehemu moja.

Kwa mada hakukuwa na taabu. Faharasa ilimwonyesha kwamba wakubwa wa PubMed huandika "Schistosomiasis haematobia", na kila tawi lina mstari wake: uenezi wake, tiba yake, kinga yake. Akachukua la kinga, akaliunganisha na Zanzibar na Pemba, na usiku ule ule akawa na makala za ZEST, mradi wa kutokomeza kichocho Zanzibar, kuhusu dawa yake prazikwanteli na konokono wanaokieneza, kazi ambayo yeye ndiyo anataka kuiendeleza.

Karibu na daku akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. Jina la babu litakwenda kwenye jalada la kazi yake, aliandike vipi? Tukatoa makaratasi. Cheti chake cha kuzaliwa, Suleiman. Kitambulisho cha Mzanzibari, Sleiman. Cheti cha skuli, Suleman. Akaona bora akamuulize bibi yake, aliyekuwa jikoni akipasha wali.

Mama yangu, aliyeishi na mwenye jina miaka arubaini, hata hakugeuka.

"Mie nikimwita Sele."

Tukaangalia faharasani. Akina Sele wamo.