Laptopu iliyopasuka kioo ndiyo inatunza picha zetu

Ilianza na ujumbe wa simu alfajiri: "Mwambie ndugu yako alipe deni, wewe ndiye mdhamini wake." Sijawahi kumdhamini mtu. Kumbe shemeji alikopa kwenye programu moja ya mikopo, elfu themanini hivi, na wakati wa kujisajili akabonyeza "ruhusu" mpaka mwisho. Wakabeba namba zote: bosi wake, mchungaji, fundi bomba, mimi. Najua, seva ya nyumbani, yaani kompyuta yako mwenyewe ya kutunzia mafaili yako, isingemwokoa shemeji, kilichomponza ni kidole chake. Ila siku ile nilikaa nikahesabu vitu vyangu vilivyo mikononi mwa watu nisiowajua: picha za watoto tangu wazaliwe, nakala ya kitambulisho cha NIDA, hati ya kiwanja. Na hao wenye hifadhi ya mtandaoni kila wiki wananikumbusha kwamba gigabaiti zangu 15 za bure zimejaa, nilipie.

Kijana mmoja ofisini, mjuzi wa kila kitu, akanishauri nitunze vitu vyangu mwenyewe kwa kununua Raspberry Pi, kakompyuta kadogo ka kutosha kiganjani. Nikanunua, laki na ushee kama sikosei, ukiongeza chaja na kadi ya kumbukumbu ya bei ya chee. Ikafanya kazi mwezi mzima. Jioni moja umeme ukakatika mara tatu, kadi ikafa. Nilipomuuliza akasema, "Aa, kadi hazipendi kukatiwa umeme zikiwa zinaandika." Sasa hilo si ungeniambia kabla?

Ndipo nikaikumbuka laptopu yangu ya zamani, ile ambayo mtoto aliikalia kioo kikapasuka. Fundi wa Kariakoo alitaka kunipa elfu hamsini auze vipuri. Nashukuru nilimkatalia, maana betri yake bado inashika karibu saa mbili. Yaani ina UPS yake tumboni, ile betri ya akiba umeme ukikatika! Umeme ukienda, yenyewe haina habari. Nikaivalisha SSD, diski ya kisasa yenye kasi, nikaweka Debian, mfumo endeshi wa bure, kisha programu mbili: Nextcloud kwa ajili ya namba za simu na kalenda, na Immich kwa picha. Maelekezo yake yamejaa mtandaoni, sitawachosha. RAM ni gigabaiti 4 tu, kwa hiyo kile kipengele cha kutambua nyuso nilikizima. Wanangu nawajua kwa sura.

Ndani ya nyumba kila kitu kilikwenda. Nikitoka nje ya geti, kimya. Ushauri niliopewa na kila mtu ni ule ule: "Fungua poti kwenye ruta," yaani mlango wa kuingilia kutoka intaneti. Nikafungua namba 443, ile ya tovuti. Nikanunua na jina la tovuti kabisa, ndugu yenu kwa mbwembwe. Wapi! Nikabadilisha ruta, nikaazima ya jirani. Nikapiga huduma kwa wateja, dada akaniambia nizime niwashe. Wiki mbili nalala saa nane usiku.

Jibu lilikuwa kwenye ukurasa wa ruta siku zote hizo. Anwani ya intaneti (IP) niliyopewa na mtoa huduma ilianza na 100.71, lakini tovuti za kuonyesha anwani yako zilikuwa zinaniambia nyingine kabisa. Anwani za kuanzia 100.64 hadi 100.127 zimetengwa kwa mtindo unaoitwa CGNAT, wateja wengi kutumia anwani moja ya nje. Ni kama nyumba ya kupanga yenye vyumba kumi na mita moja ya LUKU: kwa nje nyumba ni moja, mgeni akibisha hodi getini hakuna anayejua anamtafuta nani. Mimi nilikuwa nafungua mlango wa chumba changu huku geti kubwa limefungwa na si langu.

Kwa hiyo achaneni na poti. Niliweka Tailscale, programu ya kuunganisha vifaa vyako popote vilipo, inayotumia teknolojia ya WireGuard: laptopu na simu zetu zote zinatoka zenyewe nje, zinakutana huko, na kinachopita kati yao kimefungwa kwa siri. Dakika ishirini, kazi imekwisha, na hakuna poti hata moja iliyo wazi. Watakaosema hata hapo namtegemea mtu wa kati kukutanisha vifaa, ni kweli. Kuna Headscale, mbadala wa huyo mtu wa kati unaoendesha mwenyewe, nitafika.

Kisha seva ikaanza kupotea kila Jumamosi asubuhi. Nikailaumu kampuni ya intaneti, nikailaumu TANESCO. Kumbe mama watoto akifuta vumbi anafunika laptopu, nayo inalala! Dawa ni mstari mmoja kwenye faili la mipangilio liitwalo logind.conf, HandleLidSwitch=ignore, yaani kifuniko kikifungwa usijali. Ruta nayo nilinunulia kaUPS kadogo ka volti 12, la sivyo betri ya laptopu haina maana.

Mwizi akiingia je? Nina diski mbili za nje, zote nimezifungia kwa nenosiri. Moja iko hapa, nyingine kwa mama Morogoro, na nikienda kumsalimia nabadilishana. Mara ya mwisho nilimpigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Kile kidude chako nimekifunga kwenye kanga, kisipate baridi."

Picha za zamani bado sijazifuta kule zilikokuwa. Mama watoto amekataa mpaka laptopu imalize mwaka mzima bila kuzimika. Hesabu ilianza upya mwezi uliopita, nilipochomoa waya wake nikachomeka pasi, nikausahau hadi betri ikaisha.