Kamba ya Shingoni

Kwa siku 23 za mwanzo farasi wangu alikuwa na kamba nyembamba shingoni, yenye kibao cha plastiki kilichoandikwa nambari, nami sikuweza kuivua. Kuifikia kamba ile kulihitaji kumgusa, naye tangu azaliwe hakuwa ameguswa na mkono wa mtu kwa hiari yake.

Nilimchukua Oktoba 2018 kutoka Palomino Valley, kaskazini mwa Reno katika jimbo la Nevada, kwenye mazizi makubwa ambako serikali ya Marekani huwaweka farasi mwitu waliotolewa nyikani. Sheria ya mwaka 1971 inawalinda farasi hao, lakini inaitaka pia serikali iwapunguze pale wanapozidi uwezo wa ardhi kuwalisha, na ndiyo maana husakwa kwa helikopta, wakaswagwa hadi zizini, kisha wakatolewa kwa watu walio tayari kuwafuga. Nililipa dola 125. Kabla ya hapo nilitakiwa kuonyesha kwamba nina zizi lisilopungua futi 20 kwa 20, lenye uzio wa futi 6, na nikaelezwa kwamba kwa mwaka mzima wa kwanza mnyama angebaki kuwa mali ya serikali. Alikuwa jike wa rangi ya damu ya mzee. Upande wa kushoto wa shingo alikuwa na alama iliyopigwa kwa chuma kilichopozwa katika naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali mno. Baridi ile huua rangi ya nywele, nazo zikiota tena huota nyeupe. Anayejua kuisoma hupata mwaka wa kuzaliwa, na wake ulikuwa 2014.

Mimi ni mtu wa Lamu. Nimelelewa na mjomba aliyekuwa na punda wanne wa kubeba mchanga na mawe ya kujengea, na kabla sijajua kusoma nilijua kufunga shogi, yaani mifuko ya mizigo, mgongoni mwa punda na kumwongoza katika vichochoro ambamo watu wawili hupishana kwa kujibana ukutani. Kwa hiyo niliamini kwamba mnyama huyu nitamweza, na imani hiyo ndiyo iliyomwumiza.

Siku ya tisa, alipokuwa amezama katika majani makavu niliyomwekea, nilinyosha mkono juu ya paji lake ili niishike kamba. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, na kilicho mbele kabisa ya paji hakioni. Mkono wangu ulitoweka machoni pake, kisha ukamgusa ghafla. Alisimama kwa miguu ya nyuma, akageukia hewani, akajibamiza kwenye vyuma vya uzio. Aliposhuka alikuwa amechanika juu ya jicho, na damu ikawa inamtiririka hadi puani. Jeraha lenyewe halikuwa kubwa na lilipona bila kushonwa. Lililonikaa moyoni ni kwamba kwa siku mbili hakula chochote mpaka niwe nimeondoka na kuingia ndani.

Nilimpigia simu mjomba nikamweleza yote bila kujitetea.

“Mzoea punda hapandi farasi, mwanangu,” alisema. “Punda wetu huzaliwa uani, akawaona watu kabla hajayaona majani. Huyo wako mtu amemjua kwa kufukuzwa. Sasa wewe unataka nini kwake, na yeye amekwisha kupata nini kwako?”

Sikuwa na jibu. Karoti nilizokuwa nikimpelekea alizikanyaga tu, kwa sababu huko alikotoka hakuwahi kuona karoti na hakujua kuwa ni chakula. Nilichoweza kumpa ni kile ambacho farasi hupeana wenyewe kwa wenyewe: kukunana pale shingo inapokutana na mgongo, mahali wasipofika kwa meno yao wenyewe. Nikatafuta mwanzi mrefu, nikaufunga kipande cha gunia kwenye ncha, nikasimama mbali, ubavuni mwake, ambako angeniona vizuri. Mara ya kwanza gunia lilipomgusa, ngozi ilimcheza kama anayefukuza nzi, akaondoka. Kila alipoondoka niliushusha mwanzi. Kila aliposimama nilimkuna kidogo, kisha nikauondoa mimi kabla hajaamua kuondoka yeye. Siku ya 14 aliuegemea. Mdomo wa juu ulimrefuka ukawa unatetemeka, na jicho likafumba nusu. Tangu hapo, kila siku niliushika mwanzi karibu kidogo zaidi na ncha, mpaka jioni moja kilichomkuna kikawa vidole vyangu, na sina hakika kama wakati huo aliona tofauti.

Kamba ilikuwa imefungwa fundo la kukaza, kwa hiyo ilibidi ikatwe. Siku tatu nzima nilimkuna kwa mkono mmoja huku mwingine ukifungua na kufunga mkasi, ili mlio wake uwe jambo la kawaida masikioni mwake. Siku ya 24 nilianza begani, nikapanda taratibu chini ya nywele za shingo, nikapenyeza vidole viwili kati ya kamba na ngozi. Palikuwa na joto kuliko nilivyotarajia. Nilisikia mshipa wake ukipiga haraka, na bila shaka na yeye aliusikia wangu. Sikio moja lilinigeukia. Nikakata.

Hakushtuka. Nilipoivuta kamba, ilikuwa imeacha mstari wa nywele zilizolala kuizunguka shingo yote. Aligeuza kichwa, akakinusa kibao mkononi mwangu kwa muda mrefu, akitoa pumzi zilizonilowesha kiganja, halafu akajitikisa kuanzia masikioni hadi mkiani na kwenda kunywa maji.

Usiku nilimpigia tena mjomba. Huko Lamu kulikuwa kumekucha, naye alikuwa ametoka kuswali alfajiri. Nilipomaliza kusimulia alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Na kwato zake, umezishika?”

“Bado, mjomba.”

“Haya. Anza na mguu wa mbele.”