Kuhamisha faili kati ya Windows, Mac na Linux: malizana na majina kwanza

Kunakili kwenyewe ni kazi ya kebo na subira. Kinachowatoa watu jasho wanapohama mfumo endeshi ni mambo mawili ya kumaliza kabla ya kebo kuchomekwa: fomati ya diski ya kubebea, na majina ya faili zenyewe.

Diski kwanza. Windows hutumia fomati ya NTFS, Mac hutumia APFS, Linux mara nyingi ext4. Mac husoma NTFS lakini haiwezi kuiandikia bila programu ya ziada. Windows nayo haisomi APFS wala ext4. Itakuuliza tu kama unataka kuifomati diski, na ukikubali kwa haraka umekwisha. FAT32 inasomeka kila mahali, ila haipokei faili moja inayofika GB 4, ndiyo maana video ndefu hugoma kuingia hata kama diski ni tupu. Tumia exFAT, fomati inayokubalika kwenye mifumo yote mitatu bila kikomo hicho. Linux inaisoma yenyewe tangu kerneli (kiini cha mfumo) 5.4 ya mwaka 2019.

Udhaifu wa exFAT ni kwamba haijikingi vizuri diski inapochomolewa ghafla. Kwenye Linux dirisha la kunakili linaweza kufungwa huku data nyingine bado iko kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Andika `sync` kwenye terminali, subiri imalize, ndipo uitoe diski kwa utaratibu.

Sasa majina, na hapa ndipo penye kazi. Windows na exFAT hazikubali alama hizi ndani ya jina: `< > : " / \ | ? *`. Linux huruhusu zote isipokuwa mkwaju wa `/`. Mac ina kituko chake: ukiandika "Bajeti 3/4" kwenye Finder, programu yake ya kupanga faili, inakubali, lakini chini kwa chini mkwaju huo umehifadhiwa kama nukta pacha (`:`). Kwenye terminali ya Linux au Mac, ingia kwenye folda unayotaka kuhamisha, kisha tafuta wakorofi wote kwa mpigo:

`find . -name '*[<>:"\\|?*]*'`

Wabadilishe majina papo hapo, kwenye kompyuta ya zamani. Ukingoja kunakili kukwame katikati, hutajua kwa urahisi kipi kimevuka na kipi kimebaki.

Kuna na herufi kubwa na ndogo. Kwa Linux, `Picha.jpg` na `picha.jpg` ni faili mbili. Zikifika kwenye exFAT zinagombea nafasi moja, na ya pili inaweza kuifunika ya kwanza kimyakimya. Amri ya `find . | sort -f | uniq -di` itakuonyesha zinazogongana. Wanaotoka Windows hawana tatizo hili.

Wao wana mengine. Faili zilizo OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, huonekana kwenye folda ilhali zenyewe haziko kwenye diski. Ukiona alama ya wingu pembeni, bofya kulia na uchague zibaki daima kwenye kifaa, halafu ngoja zishuke zote. Kama unataka kuitoa diski ya Windows na kuichomeka moja kwa moja kwenye Linux, kwanza pata ufunguo wa BitLocker (kinga ya Windows inayosimba diski) wenye tarakimu 48, kisha zima mashine kwa `shutdown /s /t 0`. Kuzima kwa kawaida mara nyingi huiacha Windows katika usingizi nusu, na Linux ikiona hivyo hufungua diski kwa kusoma tu, au hukataa kabisa.

Picha na vijifaili maelfu huenda kwa mwendo wa kobe hata kwenye diski ya kasi, kwa sababu kila faili inafunguliwa na kufungwa peke yake. Zifunge kuwa moja: `tar -cf picha.tar Picha`. Windows 10 za kuanzia 2018 zinayo amri ya `tar`.

Hakiki kabla ya kufuta chochote. Linux ina `sha256sum picha.tar`, Mac `shasum -a 256 picha.tar`, Windows `certutil -hashfile picha.tar SHA256`. Kila amri hutoa mfuatano wa herufi na tarakimu; linganisha wa kompyuta ya zamani na wa mpya. Ukitofautiana hata kwa moja, nakili upya na ushuku kebo.

Ukifika Linux utakuta nyaraka ulizozileta wazi, bila kuzifunga kwa `tar`, zimepewa ruhusa ya kuendeshwa kama programu, kwa kuwa exFAT haihifadhi ruhusa. Ndani ya folda hiyo: `find . -type f -exec chmod 644 {} +`.