Mama wa mtumba na kijana wake wa theluji

Saa 10:30 alfajiri. Namwamsha Baraka kabla ya adhana. Yuko kidato cha tatu, mwakani ni mtihani wa taifa. Tumekubaliana hesabu tatu kila siku kabla ya chai, na leo kazimaliza chai ikiwa bado jikoni.

Saa 12. Mwendokasi kutoka Kimara, nimesimama mpaka Magomeni, kisha daladala hadi Karume.

Saa 2. Nafungua belo la majaketi ya baridi. Watu hushangaa, Dar na joto hili! Wateja wangu wako Njombe na Makete, na wagumu, yaani wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, huniagiza kwa simu. Leo limetoka moja jekundu, zima kabisa. Mkono wa kushoto una kimfuko chenye zipu. Huko Ulaya huweka humo kadi ya kupandia lifti ya mlimani. Kiunoni, kwa ndani, kuna kitambaa cha lastiki kinachozuia theluji isiingie mtu akianguka. Haya kanifundisha Baraka. Alimaliza darasa la saba akawa ananisaidia hapa mezani, akaanza kuuliza kila mfuko una kazi gani. Tangu hapo ni skii tu, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa mbao ndefu miguuni.

Saa 6 mchana. Ujumbe wa mwalimu wa fizikia: Baraka kapata 61. Nimeusoma mara mbili. Mwaka jana alipata 34, nikamfichia viatu vyake vya magurudumu mwezi mzima. Akawa kimya nyumbani, na alama zikazidi kushuka. Mwalimu huyuhuyu ndiye aliyeniambia, "Mama, mrudishie." Kisha akamuuliza kijana kwa nini mtu mwenye skii hazami kwenye theluji. Akarudi nyumbani anahangaika na kanieneo, yaani uzito kugawanya kwa eneo, mpaka saa 4 usiku. Sikumlazimisha.

Saa 11 jioni. Siku za mazoezi ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, daftari zikishakaguliwa. Kofia ngumu kichwani, viatu vya magurudumu miguuni, mipini miwili ya fagio mikononi, anapanda kilima cha lami cha mtaani kwetu. Majirani wanacheka. Wanaskii wa mbio ndefu nao hufanya mazoezi juu ya lami wakati wa kiangazi, kwa skii za magurudumu.

Saa 2 usiku. Tunakula. Ghafla anasema, "Mama, Philip Boit alikuwa wa mwisho."

Ni kweli. Olimpiki ya majira ya baridi, Nagano, Japani, 1998, mbio za skii za kilomita 10. Mkenya huyo alikuwa mkimbiaji wa mita 800, na skii alizianza 1996 tu. Lakini bingwa mwenyewe, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri pale mwisho wakumbatiane. Baadaye Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie.

Nikamwambia, "Mwanangu, Boit alifika kwenye theluji na mapafu aliyoyajenga kwao. Na wewe jenga yako hapahapa Kimara. Nauli ya huko sina, nitakudanganya nikisema ninayo. Ila ukifaulu, kuna vyuo kwenye nchi za baridi vinavyofadhili wanafunzi."

Akanyamaza, lakini si ule unyamavu wa mwaka jana.

Saa 3. Lile jaketi jekundu sikuliuza. Kalivaa hapohapo, kafunga zipu mpaka kidevuni, kaketi mezani na kitabu cha fizikia. Jasho linamchuruzika. Nimemwambia avue, anasema akimaliza swali la nne.